Barua ya Wazi Kuhusu Daraja la Tsavo: Tunaomba Majina ya Waliokufa

Kwa wakuu wote wenye dhamana juu ya reli, turathi za taifa, hifadhi za wanyama, nyaraka za serikali na elimu,

Waheshimiwa,

KUH: HISTORIA YA DARAJA LA RELI LA TSAVO NA WATU WALIOLIJENGA

Nawasalimu kwa heshima. Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Sisi walimu wachache wa historia wa huku Voi, pamoja na wazee wetu, tuliandika barua, tukazipeleka kwa mkono, nakala zetu zikagongwa muhuri wa kupokelewa, halafu kimya. Tulipofuatilia, ofisi ya kwanza ilisema daraja ni mali ya reli, twende huko. Watu wa reli wakatuambia mambo ya kale yana wenyewe. Wenyewe wakasema eneo linapakana na hifadhi, kwa hiyo tuanzie kwa watu wa wanyama. Watu wa wanyama walitukaribisha vizuri sana, wakatupa chai, kisha wakatuuliza kama tumejaribu kwa watu wa reli. Sitataja ofisi hata moja. Wahusika wanajijua, na hatukuja kumwaibisha mtu.

Kwa asiyelijua, hili ni daraja dogo la reli ya zamani juu ya Mto Tsavo, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Aliye ndani ya basi anaweza kulipita bila kugeuza shingo. Mto wenyewe unalishwa na chemchemi za Mzima, ambako mvua ya Milima ya Chyulu huibuka ikiwa maji maangavu baada ya kuchujwa na mawe ya volkano. Mbele kidogo ya daraja unakutana na Athi, wakawa Galana, na wenzetu wa Malindi wakiupokea huko chini wanauita Sabaki. Kingo zake zina mikoma na kivuli. Ukiiacha kingo hatua chache tu uko kwenye miiba na vumbi jekundu. Tangu 2017 abiria wamehamia reli mpya, ambayo inauvuka mto huohuo kwa daraja la karibu kilomita 2. Lile la zamani limebaki kama mzee aliyestaafu bila barua ya shukrani.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Waliokufa hapa hawana orodha.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1898 ukafika Tsavo, maili 132 kutoka pwani. Machi mwaka huo alikuja mhandisi John Henry Patterson, ofisa wa jeshi la Uingereza, kusimamia daraja. Kwa muda wa miezi tisa hivi, simba dume wawili wasio na manyoya shingoni walikuwa wakiingia kambini usiku na kuwatoa watu mahemani. Wa kwanza alipigwa risasi tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili kabla mwaka haujaisha. Hayo kila mtoto wa hapa anayajua.

Sasa muulizeni mtoto huyo walikufa watu wangapi. Patterson mwenyewe, katika kitabu alichotoa 1907, alitaja vibarua 28 wa Kihindi. Waafrika akasema walikuwa makumi kwa makumi, ila hakukuwekwa kumbukumbu rasmi juu yao. Kufikia 1925, simba walipokuwa wamekwisha kuuzwa kwa jumba la makumbusho la Field kule Chicago, hesabu yake ilikuwa imepanda hadi watu 135. Mwaka 2009 watafiti waliopima kemikali za mifupa na manyoya ya simba hao wakakadiria watu 35 hivi, huku wakikubali kwamba jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya 4 na 72. Kwa hiyo hesabu bora tuliyo nayo ya ndugu zetu waliokufa imetolewa mwilini mwa mnyama aliyewala.

Msiniambie hapakuwa na watu wa kuhesabu. Takwimu za reli hiyohiyo zinasema wafanyakazi walioletwa kutoka India walikuwa 31,983. Si elfu thelathini na kitu, ni 31,983. Waliofariki 2,493. Waliobaki baada ya kazi 6,724. Palikuwa na makarani, madaftari na wino. Wapagazi wa pwani, Wataita, Wakamba, wapishi, wachota maji, askari, wote walikuwepo na walilipwa, na penye malipo pana daftari. Lilikwenda wapi?

Tunayoyajua ni majina mawili matatu yaliyoponyoka. Mmoja ni mnyapara Ungan Singh, Singasinga aliyevutwa kutoka hemani kwake akiwa na wenzake. Mwingine ni Abdullah, sajini wa askari wa ofisa wa wilaya, ambaye alikamatwa usiku akitoka stesheni na bwana wake. Maneno ya mwisho yaliyoandikwa kutoka kinywani mwake ni ya Kiswahili: alimwita bwana, akasema simba. Abdullah bin nani? Halikuandikwa. Kwetu mtu asiyetajwa kwa jina la baba yake ni kama mtu aliyesimuliwa nusu.

Tena mnawajua Wataita. Zamani mafuvu ya wazee wetu yalitunzwa kwenye mapango ya mawe, kila ukoo na mahali pake, na mambo yalipoharibika watu walikwenda huko kuzungumza nao. Kwa jamii iliyokaa na wafu wake namna hiyo, kuambiwa kwamba kuna watu walifia hapo mtoni na hakuna anayeweza kuwataja ni jambo zito. Ndiyo maana wazee wetu hawaishi kuuliza.

2. Kazi ya wajenzi imefutwa, ikabaki bunduki.

Sina ugomvi na marehemu Patterson. Alikuwa jasiri, na mengi tunayoyajua tunayajua kwa sababu yeye aliandika. Lakini daraja halijengwi na mtu mmoja aliyekaa juu ya mti usiku kucha akisubiri simba. Soma vizuri yaliyoandikwa, utaona watu.

Utaona mwashi akilipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida rupia 12, na kwa sababu hiyo wanaume wengi wasiojua kushika mwiko wakajiandikisha kuwa waashi. Nani asingefanya hivyo? Mhandisi alipogundua akawawekea malipo kwa kiasi cha kazi. Wakakasirika, na Septemba 1898 wakapanga kumuua machimboni. Akaponea chupuchupu. Hii ni habari ya mishahara, na wanafunzi wangu waliielewa mara moja kuliko habari ya simba.

Utaona pia watu wakilala juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa, na wengine wakichimba mashimo ndani ya mahema na kuyafunika kwa magogo. Waliofunga vitanda mitini walikuwa wengi mpaka usiku mmoja mti ukaelemewa ukaanguka nao. Tarehe 1 Desemba wakasema basi. Mamia yao walijilaza relini mbele ya garimoshi, likasimama, wakapanda wakarudi pwani. Walisema wamekuja kufanya kazi ya serikali, hawakuja kuwa chakula cha simba wala cha shetani. Kazi ikalala kama wiki tatu. Masimulizi mengi yanaliita jambo hilo woga. Mimi nilikuwa nikilifundisha kama mgomo, na kama wizara ingekubali, lingekaa kwenye somo la historia ya wafanyakazi.

Waliorudi walimaliza daraja Februari 1899. Jiwe lilichongwa kutoka bonde lililo jirani, likaletwa kwa vigari vya reli ndogo iliyovuka mto kwa madaraja mawili ya muda. Kazi ilipokwisha tu, mvua kubwa ikanyesha, mto ukafura, ukayang'oa yale madaraja mawili ya miti na kuyaponda dhidi ya nguzo za mawe. Nguzo hazikutikisika. Huo ndio ushahidi wa waashi, hata wale wa uongo, kwamba kufikia mwisho walikuwa wamejifunza kazi. Januari ya mwaka huohuo walikuwa wamempa mhandisi wao bakuli la fedha, na fundi mmoja aitwaye Roshan alitunga shairi refu kwa lugha ya kwao kusimulia mkasa mzima. Filamu ya 1996 kuhusu simba hao ilipigwa Afrika Kusini na simba wake walikuwa na manyoya shingoni, Roshan hayumo.

3. Historia ya mahali inaanzwa mwaka 1898, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa patupu.

Kivuko cha Tsavo kilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kabla Mwingereza hajaleta taruma hata moja. Waliougua njiani waliachwa hapo. Miaka ya 1890 ugonjwa wa mifugo uitwao sotoka uliwafyeka ng'ombe na nyati, na kuanzia 1897 hivi ikaja njaa kubwa ambayo Wakamba wanaikumbuka kama Ngomanisye. Watafiti wa leo, wanapoeleza kwa nini simba waligeukia watu, hutaja mambo hayo hayo: mawindo yaliyopungua, maiti zilizokuwa zikiachwa njiani, na jino bovu la simba mmoja lililomzuia kukamata nyati. Vibarua wa wakati ule walikuwa na maelezo yao. Walisema hawa si simba, ni mizimu ya watawala wawili wa zamani waliokasirikia reli kupita katika nchi yao. Mtu anaweza kucheka. Mimi naona ni malalamiko ya ardhi, yaliyowekwa kinywani mwa wafu kwa sababu walio hai hawakuulizwa.

Masimulizi ya namna hiyo yapo Voi, Sagalla, Mtito Andei na Kibwezi, katika Kitaita, Kikamba na Kiswahili cha stesheni, na hutofautiana kijiji kwa kijiji. Wanaoyajua wanazikwa kila mwaka. Tuliomba vifaa vya kuwarekodi. Tulijibiwa kwa mdomo, koridoni, kwamba hadithi za wazee haziwezi kuthibitishwa. Hesabu ya 135 ilithibitishwa na nani?

4. Hatujui daraja liko chini ya nani.

Hili ni fupi. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo au mahali kuwa mnara wa kumbukumbu katika gazeti rasmi la serikali. Tuliuliza: daraja hili lina hadhi gani kisheria, nani analikagua, na mwalimu akitaka kuwapeleka watoto wakaone nguzo zake anaomba ruhusa kwa nani? Mpaka leo tunapanga ziara kwa kujuana na mtu anayemjua mtu.

5. Simba wa Chicago.

Patterson alizitumia ngozi za simba hao wawili kama zulia nyumbani kwake miaka 25, akaziuza 1924 kwa dola 5,000. Habari ya kutaka zirudi nyumbani husikika redioni kila baada ya miaka kadhaa, kisha hupotea. Kama kuna barua zilizoandikwa na majibu yaliyopatikana, wananchi waonyeshwe. Nakiri kwamba wenzangu wana moto na jambo hili kuliko mimi. Nikiambiwa nichague kati ya ngozi mbili zilizotiwa viraka na daftari moja la malipo ya mwaka 1898, nitachukua daftari bila kufikiri.

Waheshimiwa, majibu yenu tunayabahatisha, kwa kuwa mengine tumeshayapata milangoni.

Mtasema nyaraka hazipo nchini. Huenda nyingi zilisafirishwa, lakini Uingereza ina hifadhi yake ya nyaraka kule Kew, na India nayo ina zake, na maombi ya nakala hupelekwa na serikali kwa serikali. Mwalimu mstaafu hana mlango huo. Ninyi mnao. Na je, makabati ya hapa Nairobi yamekwisha kupekuliwa kwa ajili ya jambo hili hasa? Tungependa kusikia kwamba yamepekuliwa na hakuna kitu. Hata jibu hilo ni jibu.

Mtasema watalii wanakuja kwa ajili ya simba, tusiwaharibie biashara. Hakuna aliyeomba simba waondolewe. Mgeni anayelipa kuona mahali watu walipoliwa ana haki ya kujua watu hao walikuwa nani, na sidhani kama atadai pesa zake zirudi.

Mtasema hakuna bajeti. Bamba la shaba na mtu mmoja wa kupekua faili havigharimu hata kilomita moja ya barabara ya vumbi.

Mtasema, na hili ndilo huniudhi, kwamba ni zamani mno. Njooni Voi. Tuna makaburi ya wanajeshi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati Wajerumani wa upande wa Taveta walipokuwa wakivizia reli hiihii na vita vikapiganwa kilima cha Salaita, Februari 1916. Nyasi zimekatwa. Mawe yana majina, vyeo, vikosi na tarehe. Kati ya watu hao na wale wa darajani ni miaka 18 tu. Ikiwa kijana aliyetoka Afrika Kusini kuja kupigana anaweza kutajwa kwa jina lake nchini kwetu zaidi ya miaka mia moja baadaye, uzamani si sababu. Pia msisahau kwamba wapagazi wa vita hivyohivyo, wale wa Kariakoo, nao hawakupewa mawe. Inaonekana kuna aina ya watu ambao daftari lao hupotea kila mara.

Basi tunachoomba ni hiki. Kwanza, jibu la maandishi, kutoka ofisi moja iliyokubali kuwa ndiyo yenye daraja, likieleza hadhi yake kisheria na utaratibu wa shule kulitembelea kwa usalama. Bila hilo mengine yote yataendelea kuzungushwa. Pili, nyaraka za ujenzi wa sehemu ya Tsavo, kuanzia Machi 1898 hadi Februari 1899, zitafutwe hapa nchini, na zile za Uingereza na India ziombwe rasmi. Orodha za malipo, za hospitali ya kambi na za polisi ndizo tunazozitaka zaidi. Majina yatakayopatikana yachapishwe yalivyo, pamoja na yale yaliyoandikwa vibaya, ili koo na familia za hapa, na za Punjab pia, ziweze kuyatambua. Tatu, liwekwe bamba darajani kwa Kiswahili, Kitaita, Kikamba na lugha za Kihindi walizozungumza waashi. Pale ambapo jina halikupatikana, bamba liseme wazi kwamba serikali ya wakati ule haikuandika. Lisiseme "hawajulikani". Nne, wazee warekodiwe mwaka huu, na vijana wa vyuo vya hapa kaunti walipwe kufanya kazi hiyo. Nyumba za wazee hao tunazijua, na tutawapeleka wenyewe.

Kifungu cha 35 cha Katiba yetu kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Barua hii ichukuliwe kuwa ombi rasmi chini ya sheria hiyo kwa ofisi zote zilizotupokelea barua zetu za awali. Nakala zenye mihuri tunazo. Siku 21 zikipita bila jibu tutapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, kama sheria inavyoruhusu, na tutachapisha barua zote za nyuma pamoja na tarehe za mihuri yake.

Kama kuna ofisa ambaye angependa kukutana nasi kabla ya hapo, tupo. Tunaweza kukutana pale pale darajani, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na wazee wawili watatu watakuwepo.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu wa historia, Voi,
kwa niaba ya walimu na wazee waliotia sahihi barua za awali

Nakala: Wabunge na wawakilishi wadi wa eneo hili, walimu wakuu wa shule zilizo kando ya reli